Karatasi ya Nyaya na Jani la Sale

Mimi niliishia darasa la nne. Biblia naisoma, kitabu cha nyimbo nakisoma, na barua naisoma kama mwandishi hakuwa na haraka. Basi mtu asinicheke nikisema najua waya unaotoka kwenye betri ya gari la mashindano unapita wapi mpaka ufike kwenye feni ya rejeta. Najua. Nilijifunza nikiwa mzee tayari, kwa miguu, nikienda na kurudi kati ya banda la gari na baraza ya nyumba yangu, hatua sabini kwenda na sabini kurudi, kwa sababu mume wangu na mwanangu wa mwisho walikuwa hawasemeshani.

Naandika haya kwenye daftari la mjukuu lililobaki kurasa. Sitafuti kuhurumiwa. Nataka tu jambo liwe limeandikwa lilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kule tambarare. Alikuwa akishuka Jumatatu na kupanda Jumamosi, maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu akarudi kwenye kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, migomba yake na kahawa yake aliyoachiwa na baba yake, akawa anaitunza kama mashine, kila mti anajua umezaa nini mwaka gani. Mwanangu wa mwisho ni fundi wa magari, ana gereji Bomang'ombe. Yeye na mkewe wana nyumba yao ndogo chini ya ile yetu, hatua thelathini. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake. Kila mtu analijua hilo, na kwa sababu kila mtu analijua, halisemwi wala haliguswi mzee akiwa bado anapumua.

Sasa, huyu mwanangu alikuwa na wazimu wa magari ya mashindano, yale yanayokimbizwa kwenye barabara za vumbi huko chini. Tangu utoto. Mwaka ule akapata bodi la gari dogo la Kijapani, kuukuu, halina injini wala viti, akasema atalijenga mwenyewe nyumbani, kwenye banda la zamani la ng'ombe. Bodi lilikuja juu ya lori wiki ile ile baba yake alipolazwa Moshi mjini na kiharusi. Njia yetu ya kuingilia ni nyembamba, ilikatwa enzi za watu wa miguu. Lori halikupita. Mwanangu akachukua panga akakata kahawa zilizokuwa pembeni mwa njia, miti kumi na mmoja, lori likaingia.

Mimi nilikuwa hospitali namwosha baba yake. Hakuna aliyeniuliza.

Tulipomrudisha mzee, mkono wa kushoto ukiwa umekufa na mdomo umevutika upande mmoja, gari la jirani lilitushusha pale pale njiani. Akaviona visiki. Alivihesabu, nilimwona midomo yake ikihesabu. Kisha akasema, "Kumbe mmeshanizika."

Mtu wa mbali ataona ni miti tu. Lakini kwetu anayekata kahawa ya mtu ni yule aliyekwisha kuirithi, na hukata baada ya msiba, si mwenye kahawa akiwa kitandani hospitali. Mwanangu hakuwaza hivyo, najua, alikuwa anawaza upana wa lori. Jioni alikuja kujieleza, mzee akageukia ukuta. Akaja kesho yake, na siku nyingine tena, ukuta ule ule. Baada ya hapo naye akakaza shingo, maana shingo alizaliwa nayo, na ya baba yake ni hiyo hiyo. Wakaishi kwenye kihamba kimoja kama wapangaji waliogombana. Mmoja akipita barazani, mwingine anatazama mlima, hata kama kuna mawingu na mlima hauonekani.

Kwa watu wengine ingeishia hapo. Lakini ilifika zamu ya umeme kwenye lile gari.

Nyaya za zamani zilikuwa zimeliwa na panya. Mwanangu alizitoa zote, akazivuta kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi, akazirundika mlangoni. Akasema gari la mashindano halifungwi nyaya za kawaida, linapangiwa upya, swichi moja moja, kila kitu mahali pake. Injini anaijua vizuri, umeme anaujua nusu. Alikaa siku tatu na karatasi, anachora, anafuta, anatukana chini chini. Na mtu pekee anayejua alikuwa amekaa barazani hatua sabini kutoka pale, na fimbo mkononi, hana kazi ila kufukuza kuku.

Siku ya nne akaniambia, "Mama, hebu muulize Mzee. Uliza kama vile unauliza wewe."

"Mimi niulize swichi za nini? Jikoni kwangu kuna mafiga matatu."

"Uliza tu."

Nikaenda na karatasi. Mzee akaishika kwa mkono wake mzima, akaitazama muda mrefu.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Wewe umechora rejeta."

"Mimi."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu hospitali hakuwa amecheka. Akasema mchoraji huyu, awaye yote, ameanza kazi mkiani. Mtu hajui gari lina vitu gani vinavyokula umeme na kila kimoja kinakula kiasi gani, tayari ameshachora swichi. Aorodheshe kwanza: stata, pampu ya mafuta, feni, taa za mbele, wipa, honi, kila kitu, na kila kimoja kipewe fyuzi yake na waya unene wake. "Akimaliza," akasema, "yaani ukimaliza wewe mchoraji, ulete."

Nilirudi bandani nikiyarudia mdomoni njia nzima nisiyasahau. Na kwa sababu kuandika kwangu ni kwa taratibu, nikaweka alama zangu pembeni mwa karatasi. Pampu nilichora ndoo. Feni nikachora ua lenye majani manne. Taa, jicho. Honi, jogoo. Stata nikachora mtu anayesukuma mkokoteni, ingawa mwanangu alisema anafanana na panzi. Zile alama zikashika. Hata mzee akawa anasema, "Huyo jogoo wako umempa waya mwembamba, atakabwa koo."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Asubuhi kabla hajashuka gereji, na tena akirudi mchana, mwanangu ananipa maswali, nami nayapeleka. Mzee anajibu kwa kunitukania kichwa changu, maana karatasi ni "yangu". Nikimpelekea mwanangu, anasema, "Mwambie..." halafu anakumbuka, anasema, "Yaani Mama, wewe unaonaje kama..." Mkwe wangu alikuwa akisimama mlangoni kwake na mtoto mgongoni anatutazama, anatikisa kichwa. Siku moja alisema gereji ya Bomang'ombe inaniajiri mwezi ujao. Nikamwambia nikiajiriwa, uji atajipikia mwenyewe.

Nilijifunza rilei ni nini. Mwanangu alitaka kupitisha waya wa taa moja kwa moja mpaka kwenye swichi ya dashibodi. Mzee akakataa. Alisema swichi anayoishika dereva isibebe mzigo, ibebe neno tu. Kiwandani msimamizi habebi gunia. Yeye anasema beba, gunia linabebwa na mwenye mgongo. Rilei ndiyo mwenye mgongo. Ikae karibu na taa yenyewe, waya wake mnene na mfupi, na ule wa kwenda kwa dereva uwe mwembamba, hata ukichubuka hauunguzi mtu miguu. Niliyapeleka hayo maneno yote bila kudondosha hata moja, mwanangu akaniomba nirudie, nikarudia. Akakaa chini kwenye tairi akasema, "Huyu mzee."

Baadaye ikaja kupanga swichi zikae wapi. Mwanangu alifunga kiti juu ya gogo, akaweka mbele yake kipande cha ubao cha ukubwa wa dashibodi, na vizibo vya soda badala ya swichi. Mzee alikuwa ameagiza kwamba dereva wa mashindano hatafuti swichi kwa macho. Macho ni ya barabara. Basi mwanangu anakaa, anajifunga mkanda, anafunga macho, mimi nasimama namwita: ndoo. Jicho. Jogoo. Ua. Mkono wake ukikosa, tunahamisha kizibo. Pampu na stata tulizitenganisha mbali, asije akagusa moja akidhani ni nyingine. Honi tuliileta karibu na kidole gumba. Tulicheka sana kwenye lile banda. Naona aibu kuliandika, lakini tulicheka.

Katikati ya kazi hiyo ndipo lilipokuja jani.

Ilikuwa Alhamisi. Mwanangu alinipa karatasi kama kawaida, na juu yake akaweka jani la sale, limefungwa fundo. Sale ni ule mmea wa majani marefu unaozunguka vihamba vyetu, ndio mpaka. Na mtu akikosa, akitaka kusamehewa, hulifunga fundo jani la sale akampa mtu wa tatu alipeleke. Anayeletewa anaweza kuwa na hasira ya kuchoma nyumba, lakini jani halikataliwi. Akilikataa, ubaya unamgeukia yeye. Sisi ni Walutheri, na mchungaji wetu hajawahi kulikemea jambo hili. Naye nyumba yake imezungushiwa sale.

"Mpelekee, Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Sasa nitasema nilichofanya.

Nilitoka bandani na karatasi mkono mmoja na jani mkono mwingine. Nilipofika karibu na baraza nilipinda nikaingia jikoni, nikalichomeka jani kwenye mbao za dari juu ya moshi, nikatoka na karatasi peke yake. Siku ile nilijiambia mzee amechoka. Kweli hakuwa amemaliza mtori wake wa ndizi. Kesho yake nilijiambia kuna mgeni. Kweli alikuwepo jirani. Siku ya tatu hapakuwa na mgeni na mtori uliisha, na jani nikaliacha pale pale juu ya moshi.

Nilikuwa najua kwa nini. Tangu niolewe, hakuna mwanamume aliyewahi kukaa akinisubiri nifike ndipo aendelee na kazi yake. Walikuwa wananisubiri nilete chakula, hilo ni jingine. Sasa walikuwa wawili, kila mmoja anatazama njia: Mama anakuja, amesema nini, rudia hapo. Mimi wa darasa la nne. Nikajua nikimpa mzee lile jani, kabla jua halijazama atakuwa amesimama na fimbo yake kwenda bandani, wataongea umeme wao vichwa vimegusana, nami nitaambiwa nilete chai. Nikasema moyoni, gari liishe kwanza. Siku chache tu. Jani la sale halikauki upesi.

Jioni ya siku ya nne mwanangu akaniuliza, "Alilipokea?"

Nikamjibu, "Mpe muda."

Sikusema uongo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba sikusema uongo.

Na mzee naye. Kila nilipompelekea karatasi tangu Alhamisi ile, alimaliza kuisoma, akaigeuza nyuma kama vile kuna kitu kingine kimeandikwa, akaniuliza, "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Kabla ya Alhamisi ile hakuwa na mazoea ya kuuliza. Nafikiri alimwona mwanangu, kutoka pale barazani, akikata jani mpakani. Macho yake ya mbali yalikuwa mazuri mpaka mwisho.

Siku ya saba nilimpelekea mchoro wa swichi kuu, ile inayokata umeme wote wa gari. Mwanangu alikuwa ameiweka kati ya betri na vitu vingine vyote, safi kabisa, na mimi nilikuwa nimechora kufuli pembeni. Mzee akaweka kidole gumba juu ya kufuli. Hakunitania.

"Hapa atakufa mtu," akasema.

Akanieleza taratibu, kwa ulimi wake mzito, akasubiri nielewe kila kipande. Ukikata betri peke yake, injini inayozunguka haizimi. Altaneta inaendelea kuzalisha, gari linajilisha lenyewe. Gari limepinduka, watu wamekimbilia, wamezima swichi, wanadhani limekufa, kumbe pampu bado inamwaga mafuta na moto uko pale. Lazima swichi ikate pande zote mbili, betri na injini, kwa mpigo mmoja. Zipo swichi za namna hiyo, zenye nguzo mbili nene na miguu midogo minne. Hiyo miguu ndiyo inayomaliza kazi.

Kisha akaniomba kalamu. Tangu hospitali hakuwa ameshika kalamu. Akachora kishikio kidogo nje ya gari, chini ya kioo cha mbele, na mstari wa kwenda ndani mpaka kwenye swichi. Ni waya wa breki ya baiskeli, akasema, unatosha. "Ile ya ndani ni yake mwenyewe. Hii ya nje ni ya mtu mwingine. Kuna siku mtu hawezi kujizima mwenyewe, lazima awepo wa kumzimia. Amenielewa?"

"Atakuelewa."

"Hakikisha ameelewa. Akikosea pengine potelea mbali. Hapa asikosee."

Akageuza karatasi. Akaigeuza tena.

"Ni hilo tu?"

Jani lilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta uliokuwa mgongoni mwake. Ningenyoosha mkono dirishani ningelifikia.

"Ni hilo tu," nikasema.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Mwanangu hakushuka gereji, alitaka tumalize vizibo vyote na ile swichi kuu ya ndani. Nilimwekea mzee maharage yake na ndizi mezani barazani, nikaenda bandani. Tulikawia. Tulirudia mchezo wote mwanzo mpaka mwisho, macho yamefungwa, na mkono wake haukukosa hata kimoja. Nilirudi na karatasi nikiwa na furaha ya kwenda kumwambia.

Kuku wawili walikuwa juu ya meza wanadonoa chakula chake. Hapo ndipo nilipojua, kabla hata sijamtazama usoni. Fimbo ilikuwa chini. Yeye alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, macho wazi, anatazama njia inayotoka bandani.

Jirani alitupeleka mjini. Mzee hakuifikia jioni.

Tulimzika kwenye kihamba, karibu na baba yake. Mwanangu alisimama kaburini na udongo mkononi mpaka kaka zake walipomsukuma ndipo akautupa. Watu walidhani ni uchungu wa kawaida. Mimi nilijua anachofikiri. Alikuwa anafikiri baba yake ameshika jani lake siku tisa, akalinyamazia, akafa. Kwetu hilo ni jambo zito kuliko kifo. Ni mtu kufa akiwa amekufungia mlango, na hakuna wa kuufungua.

Akakonda. Usiku alikuwa halali, mkewe aliniambia. Nami nilikuwa na sababu mpya kila wiki. Msiba haujaisha. Kaka zake bado wapo. Kipaimara cha mjukuu. Nilikuwa mkali kwa watoto wangu wote maisha yangu yote kwa ajili ya uongo mdogo wa sukari na maziwa, niliwachapa, na mimi nikakaa na huu wangu unanukia moshi juu ya kichwa changu kila nikipika.

Gari alilimaliza wakati wa baridi, ule mwezi ukungu haunyanyuki mpaka saa sita. Alifunga kila waya kama karatasi ilivyosema. Na kwenye dashibodi, chini ya kila swichi, alikuwa amepaka kwa rangi nyeupe alama zangu: ndoo, ua, jicho, jogoo, panzi wa kusukuma mkokoteni. Alikaa kwenye kiti, akafunga mikanda yote, akawasha. Lile banda lilitetemeka, kuku wakakimbilia migombani. Akaniashiria nivute kishikio cha nje.

Nikavuta. Injini ikafa pale pale, haikukohoa hata mara moja.

Yeye bado amefungwa kwenye kiti, mimi nimesimama nje na kile kishikio mkononi.

"Mzee alikuwa fundi," akasema, anatazama mbele. "Alinipa yote. Kasoro lile moja. Kulishika jani la mtu na kunyamaza, Mama. Nalala nalo, naamka nalo."

"Hakulishika," nikasema.

Akanigeukia.

"Halikumfikia. Nililiweka jikoni."

Akaniuliza, kwa upole, "Alikuwa na hali mbaya, ukaogopa?"

Alikuwa ananipa pa kutokea. Nilipaona. Mtoto wangu, katika saa ile, alikuwa ananifungulia pa kutokea.

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa mzima wa akili. Kila siku alikuwa ananiuliza kama umesema kitu kingine. Nikamjibu hujasema."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaanza kufungua mikanda. Ni mingi, ya mabegani, ya kiunoni, na vidole vyake havikuwa vinashika vizuri. Nikasogea nimsaidie, akasema, "Acha." Aliposimama nje akauliza liko wapi. Nikaenda nikalitoa darini. Lilikuwa limekauka, rangi ya tumbaku, fundo bado limekaza. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kulipokea, akapita kwenye migomba mpaka kaburini. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilimwona kutoka jikoni, amechuchumaa. Alichukua muda mrefu sana.

Kesho yake nilikata jani la sale nikalifunga fundo langu. Nilimpa mkwe wangu ampelekee mumewe. Alilichukua, akatoka jikoni kwangu, akavuka hatua thelathini, akaingia mlangoni kwake. Hakupinda popote. Nilikuwa bado sijaketi aliporudi na kusema, "Amesema mwambieni Mama nimelipokea."

Amelipokea. Halikataliwi.

Kabla mwezi haujaisha gari lilihamia Shirimatunda, kwenye uwanja wa rafiki yake. Alisema kule kuna nafasi. Ni kweli, kuna nafasi. Lilitoka kwa njia ile ile, kwenye pengo la kahawa. Wakati wa vumbi alikimbia mashindano yake ya kwanza, akamaliza, hakupinduka. Nilisikia kwa mkwe wangu. Alinionyesha picha kwenye simu, dashibodi imepigwa kwa karibu kabisa. Swichi zote zipo mahali tulipoziweka. Chini yake kuna vibandiko vyeusi na herufi nyeupe za kuchapwa, za Kiingereza. Nilitafuta jogoo. Nilimwambia mkwe wangu picha ni nzuri.

Ubao wa vizibo ninao mimi. Uko nyuma ya mlango wa chumba changu.

Mvua zilipoanza nilichimba mashimo pembeni mwa njia, kumi na moja, nikapanda miche ya kahawa. Jumapili mwanangu alikuja baada ya ibada, kama anavyokuja Jumapili zote. Shikamoo, marahaba. Akala, akashukuru. Alipokuwa anaondoka nikamsindikiza mpaka kwenye ile miche. Akasimama, akaipima kwa macho.

"Umeibananisha, Mama," akasema. "Kahawa inataka nafasi zaidi ya hapo."

Nikangoja. Alikuwa anageuza funguo mkononi. Nilidhani kuna kingine.

"Ni hilo tu?" nikamwuliza.

"Ni hilo tu, Mama," akasema, akashuka zake.